Hosteli za vyuo: Ufunguo wa mlango wa dharura anao nani?

Na Mwandishi Wetu

Alfajiri ya Jumapili, Aprili 12, 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliolala katika bweni la Kimberly, kampasi ya Kikuyu, waliamshwa na mlipuko. Ilikuwa hitilafu ya umeme. Hapakuwa na mtu mwenye bunduki, wala hapakuwa na chumba kinachowaka.

Lakini zilikuwa zimepita siku kumi tu tangu magaidi wavamie Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi waliokutwa mabwenini. Katika giza lile, kila kishindo kilisikika kama risasi. Vijana walikimbilia ngazi, wakakanyagana. Wengine walijirusha kutoka madirisha ya ghorofani. Kulipopambazuka, mwanafunzi mmoja alikuwa amefariki dunia na zaidi ya 100 walikuwa wameumia.

Tukio hilo liliwekwa katika kumbukumbu za hofu ya ugaidi, na likaishia hapo. Ofisa yeyote wa zimamoto angelisoma kwa namna nyingine. Jengo zima la wanafunzi lilijaribiwa usiku ule: mamia ya watu walitaka kutoka kwa wakati mmoja, gizani. Wakashindwa kutoka salama. Na hapo moshi haukuwepo.

Swali linalopaswa kuulizwa katika kila mji wa vyuo, kuanzia Dar es Salaam na Dodoma hadi Juja na Eldoret, ni jepesi kulitamka: moshi ukijaa kwenye korido saa tisa usiku, wanafunzi waliolala humo watatokea wapi?

Makaburi yaliyotuachia kanuni

Afrika Mashariki haiwezi kusema haijui moto wa bwenini. Juni 1994, wasichana 40 walikufa katika Shule ya Sekondari Shauritanga, Rombo, mkoani Kilimanjaro. Machi 1998, wasichana 26 waliteketea katika shule ya Bombolulu, Pwani ya Kenya. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos, baada ya bweni lao kumwagiwa petroli na kuwashwa. Bweni la Kyanguli lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa umefungwa. Madirisha yalikuwa na nondo.

Orodha haikuishia hapo. Idodi, Iringa, Agosti 2009: wasichana 12. Moi Girls, Nairobi, Septemba 2017: wasichana 10. Kyerwa, Kagera, Septemba 2020: watoto 10 wa shule ya msingi. Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024: wavulana 21, katika bweni lililokuwa limelaza watoto zaidi ya 150.

Kenya ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni mwaka 2008, na ukiusoma utaona kila kipengele kinalingana na kifo fulani. Mlango wa bweni uwe na upana wa futi 5 au zaidi, ufungukie nje, na usifungwe kwa nje wakati wanafunzi wamo ndani. Kila upande wa bweni uwe na mlango, na katikati uwepo mlango wa dharura. Madirisha yasiwe na nondo. Kati ya kitanda na kitanda ibaki nafasi ya mita 1.2, na ujia uwe na mita 2.

Mwongozo mzuri. Ulikuwa na umri wa miaka 16 siku Endarasha ilipoungua. Ukaguzi wa nchi nzima ulifanyika baada ya mazishi, na Novemba 2024 serikali ya Kenya ikafunga sehemu za bweni katika shule 348 za msingi kwa kutotimiza masharti. Shule hizo zilikuwa zikipokea watoto siku zote hizo, na kasoro zilikuwa zikionekana kwa macho.

*Ukaguzi wa nchi nzima ulifanyika baada ya mazishi. Kasoro zilikuwa zikionekana kwa macho siku zote.*

Mtoto wa sekondari analindwa, wa chuo je?

Mwongozo ule ni wa shule. Akimaliza kidato cha nne au cha sita na kwenda chuo, kijana huyohuyo anatoka mikononi mwa matroni na patroni na kuingia katika soko la nyumba za kupanga.

Vyuo vyetu vimekua haraka kuliko mabweni yake. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata hosteli mpya, maarufu kama hosteli za Magufuli: majengo 20, nafasi za wanafunzi 3,840. Zilikuwa msaada mkubwa, na bado hazikutosha. Katika vyuo vingi, wanaopewa kipaumbele chumba cha chuo ni wa mwaka wa kwanza na wenye mahitaji maalumu. Waliobaki wanatafuta mtaani: Changanyikeni, Msewe na Sinza jijini Dar es Salaam, au kwa upande wa Kenya, Kahawa Wendani na Juja.

Huko ndiko pengo lilipo. Nyumba ilijengwa kwa ajili ya baba, mama na watoto. Kibali cha ujenzi kilisema makazi. Kisha mwenye nyumba akaona chuo kimefunguliwa jirani, akagawa sebule kwa mbao laini, akaongeza vyumba uani, akapandisha ghorofa moja kwa ngazi ya chuma, akabandika bango la hosteli getini. Familia ya watu saba imekuwa watu 60, lakini mlango wa kutokea umebaki mmoja, na mita ya umeme ni ileile.

Sheria haikosekani. Nchini Tanzania, Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inawapa maofisa wa jeshi hilo mamlaka ya kuingia katika majengo na kukagua tahadhari za moto. Zanzibar ina kikosi chake cha zimamoto na uokozi. Lakini mkaguzi hukagua jengo analojua kuwa lipo na linatumika kwa kazi gani. Nyumba ambayo katika makaratasi ni makazi ya familia haiko kwenye njia yake.

Kufuli dhidi ya mwizi

Wenye hosteli wana hoja, na hoja yao isipuuzwe. Wanafunzi wana kompyuta mpakato na simu, na wezi wanalijua hilo. Mzazi anayempangishia binti yake chumba huuliza kwanza kuhusu ukuta, geti na nondo za dirishani. Hosteli isiyo na nondo haipati wapangaji. Kwa hiyo kila dirisha linachomelewa chuma, geti linafungwa saa nne au saa tano usiku, na ufunguo unabaki kwa mlinzi. Mlinzi naye ni binadamu: anasinzia, anakwenda msalani, siku nyingine anachelewa kurudi na ufunguo uko mfukoni.

Mzazi amelipia usalama dhidi ya mwizi, na amepata usalama huo. Hakuambiwa kwamba chuma kilekile kinachomzuia mwizi kuingia kitamzuia mwanawe kutoka.

Hapa ndipo mjadala wetu hukwama, kana kwamba lazima tuchague kati ya wizi na moto. Hatulazimiki. Lipo komeo linalofunguliwa kwa kusukuma kutoka ndani, bila ufunguo, huku kwa nje likibaki limefungwa. Ipo nondo ya dirisha yenye bawaba na kitasa cha ndani. Fundi yeyote wa kuchomelea mageti kando ya barabara anaweza kuitengeneza kwa siku moja. Angalau dirisha moja katika kila chumba likiwa hivyo, na mlango wa pili ukiwekwa komeo la kusukuma, sehemu kubwa ya hatari imeondoka. Gharama yake haimfilisi mwenye nyumba anayekusanya kodi ya vitanda 60.

*Chuma kilekile kinachomzuia mwizi kuingia kitamzuia mwanafunzi kutoka.*

Hita, bumu na waya mmoja

Katika mabweni ya sekondari, moto mwingi uliochunguzwa Kenya umehusishwa na wanafunzi kuchoma kwa makusudi. Kwa wanafunzi wa chuo hatari kubwa ni ya kila siku zaidi: wanapika.

Karibu kila chuo kinakataza kupika chumbani. Karibu kila korido ya hosteli inanukia vitunguu jioni. Mwanafunzi anayesubiri bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, na bumu likichelewa, hawezi kula mgahawani mara tatu kwa siku. Ananunua jiko dogo la umeme lenye koili, hita ya kuchemshia maji, na unga. Anapika sakafuni, kati ya vitanda viwili, mlango umefungwa ili mlezi wa hosteli asione. Mlezi akibisha hodi, jiko lenye moto linasukumwa mvunguni.

Marufuku ya aina hii haijaondoa jiko. Imeliondoa mezani na kulipeleka chini ya godoro.

Hesabu ya umeme haina huruma. Jiko la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 linavuta karibu ampea 9. Plagi ya kawaida imetengenezwa kubeba ampea 13. Wanafunzi wawili wakichomeka majiko yao kwenye ekstensheni moja, waya unabeba zaidi ya ampea 17. Ukiwa ni ule waya mwembamba wa bei ya chini, umepita chini ya kapeti au nyuma ya kitanda, joto halina pa kwenda. Sakiti breka ikikata mara kwa mara, anaitwa fundi aweke kubwa zaidi ili isisumbue. Tangu siku hiyo chumba hakina mlinzi: waya utawaka kabla breka haijakata.

Siku hizi kuna pia mtungi wa gesi. Tanzania ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya wananchi, na mtungi wa kilo 6 umekuwa rahisi kuupata. Kwa mama wa nyumbani anayeacha kuni, hiyo ni neema. Kwa vijana wanne wanaolala katika chumba kimoja chenye dirisha dogo, mtungi mvunguni ni jambo jingine kabisa.

Wanafunzi wanachotaka ni jiko la pamoja, na hapo mimi niko upande wao. Chumba kimoja kila ghorofa, au banda uani, lenye waya wake mnene, soketi zake, meza ya saruji na mtungi uliokaa nje ya ukuta. Atakayepika hadharani atazima jiko lake, kwa sababu hana wa kumficha.

Kubebana

Kuna jambo ambalo vyuo havipendi kulisema kwa sauti. Kitanda kilichosajiliwa kwa jina la mtu mmoja hulala wawili. Tanzania wanafunzi wanaita kubebana. Ni udugu wa kweli: mwenye chumba anamsitiri mwenzake aliyekosa. Wengi waliomaliza chuo na leo ni maofisa, walimu na wabunge walibebwa au walibeba.

Lakini kwa mtu wa zimamoto, aliyebebwa hayumo kwenye orodha. Chumba kimeandikwa wanne, wamo saba. Jengo likiungua na msimamizi akasimama uwanjani kuita majina, hakuna atakayejua nani bado yuko ndani. Waokoaji wataambiwa wote wametoka.

Dawa ya kubebana haiwezi kuwa msako wa usiku, kwa sababu msako unawafundisha wanafunzi kujifungia zaidi. Chuo kinachojua uhaba wake kiruhusu idadi fulani ya wageni wa kudumu kwa kuandikishwa, hata kama inaumiza sura yake kwa wakaguzi wa elimu. Jina kwenye daftari ni bora kuliko siri.

Moscow na New Jersey

Waafrika tumefiwa katika mabweni ya mbali pia. Usiku wa Novemba 24, 2003, moto uliwaka katika hosteli ya Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, Moscow, kile kilichopewa jina la Patrice Lumumba na kusomesha maelfu ya vijana wa bara hili. Zaidi ya wanafunzi 40 wa kigeni walikufa, wakiwemo waliotoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Wengi walikuwa wageni waliokuwa wamefika karibuni, wakiwekwa katika jengo hilo wakisubiri vipimo vya afya. Njia za dharura zilikuwa zimefungwa. Vijana waliruka kutoka ghorofani kwenye theluji, kama wenzao wa Kikuyu walivyokuja kuruka miaka 11 baadaye.

Karibu miaka minne kabla ya Moscow, Januari 19, 2000, moto uliwashwa katika sebule ya ghorofa ya tatu ya Boland Hall, bweni la Chuo Kikuu cha Seton Hall, jimbo la New Jersey, Marekani. Wanafunzi watatu walikufa na zaidi ya 50 walijeruhiwa. Jengo lilikuwa la miaka ya 1950 na halikuwa na mfumo wa kumwaga maji kutoka darini. Kengele ilikuwepo, na ililia. Lakini ilikuwa imelia bure mara nyingi katika miezi iliyotangulia, na baadhi ya wanafunzi walijifunika shuka wakaendelea kulala.

Kilichofuata ndicho tunachopaswa kukitazama. Mwaka huohuo jimbo hilo lilipitisha sheria ya kulazimisha mabweni yote yawekewe mfumo wa maji darini ndani ya muda maalumu, na likatenga fedha za mikopo ili vyuo visiseme havina uwezo. Mwaka 2008 Marekani nzima ikaweka sharti jingine: kila chuo chenye mabweni kichapishe kila mwaka ripoti ya moto. Ripoti hiyo hueleza kila bweni limeungua mara ngapi, chanzo kilikuwa nini, wangapi waliumia, lina vifaa gani na mazoezi ya kutoka yamefanyika mara ngapi. Mzazi anaweza kuisoma kabla ya kulipa ada.

England nayo imegusa nyumba za mtaani. Mwenye nyumba anayepangisha watu watano au zaidi wasio wa familia moja, wanaotumia jiko au choo cha pamoja, lazima awe na leseni ya halmashauri.

Nani alipe, nani akague

Wenye hosteli watasema mfumo wa maji darini ni ghali, na ni kweli. Katika mitaa ambako maji ya bomba hutoka siku mbili kwa wiki, hata ukifungwa utakuwa mapambo. Sioni sababu ya kuanza na hilo. Kifaa kidogo cha kutambua moshi kinachotumia betri kinaweza kuokoa chumba kizima, kwa sababu mtu aliyelala haamshwi na harufu. Godoro la sponji likiwaka hutoa moshi mweusi wenye sumu, na kwa dakika chache chumba hakikaliki. Wengi wanaokufa kwenye moto wa bwenini hawaguswi na ndimi za moto. Wanakufa wakiwa wanautafuta mlango.

Jeshi la Zimamoto nalo lina malalamiko yake. Wananchi huwalaumu askari kwa kuchelewa au kufika na maji kidogo, na mara nyingine huwarushia mawe. Askari hujibu kwamba wamepigiwa simu moto ukiwa umeshapanda paa, na gari lao kubwa haliingii kwenye vichochoro ambavyo hosteli zimejengwa. Pande zote mbili zinasema kweli, ndiyo maana mwanafunzi asitegemee gari. Wa kumtoa ndani ya dakika tatu za kwanza ni mlango, taa ya dharura kwenye ngazi na zoezi alilofanya mchana.

Zoezi hilo lina kazi nyingine. Linamwonyesha mwenye nyumba, mbele ya wapangaji wake, kwamba mlango wa nyuma umezibwa na pipa la maji, au kwamba ufunguo haupatikani. Kusukumana ngazini mchana wa Jumamosi hakuui mtu.

*Mwanafunzi asitegemee gari la zimamoto. Dakika tatu za kwanza ni za mlango.*

Vyuo vimezoea kusema kwamba aliye nje ya kampasi si jukumu lao. Jibu hilo halitoshi tena. Chuo kinachodahili wanafunzi mara tatu ya vitanda vyake kinajua kwamba kimewapeleka mtaani. Hakilazimiki kujenga nyumba ya kila mwanafunzi. Kinaweza kuweka orodha ya hosteli zilizokaguliwa na zimamoto, na kuwaambia wanafunzi wapya wapange humo. Mwenye nyumba atakayeona vitanda vyake vitupu mwezi wa kwanza wa muhula atamtafuta mkaguzi mwenyewe.

Kwa hiyo Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na halmashauri zenye vyuo wakae meza moja kabla ya udahili ujao. Kila nyumba inayolaza wanafunzi zaidi ya idadi watakayokubaliana iandikishwe kama hosteli, ikaguliwe kila mwaka, na matokeo yabandikwe getini na kuchapishwa. Isiyo na njia ya pili ya kutokea isipokee mpangaji.

Mzazi unayempeleka mwanao chuoni na godoro na ndoo yake, usiishie kuuliza kodi na maji. Panda mpaka chumbani. Jaribu kufungua dirisha. Uliza ufunguo wa geti unakaa kwa nani usiku, kisha mwambie akuonyeshe mlango wa pili. Usipoonyeshwa, usilipe. Na kabla hujaondoka, hakikisha mwanao amehifadhi kwenye simu yake namba ya dharura ya zimamoto Tanzania: 114.